cBioPortal kwa anayetafuta jeni za saratani ya kinywa: nyota nne, na manung'uniko yangu

cBioPortal ni tovuti inayokuonyesha jeni zilizoharibika katika uvimbe wa wagonjwa wa saratani waliokwisha kuchunguzwa na watafiti. Nianze na bei, maana ndiyo watu wanayoiuliza kwanza: bure. Hakuna kujiandikisha, hakuna barua ya chuo, hakuna kadi ya benki. Unafungua cbioportal.org, unachagua utafiti, unaandika majina ya jeni, unabofya. Sisi tuliozoea kugonga makala ya kisayansi na kukuta mlango umefungwa mpaka ulipe dola, hilo peke yake linatosha kuifanya huduma hii iandikiwe mapitio kwa Kiswahili.

Mimi ni daktari wa meno, Unguja. Kazi yangu ya kila siku ni kung'oa na kuziba. Lakini kwenye kiti changu hupita pia vinywa vya watu wa tambuu na kuberi, na wavutaji wa miaka mingi, na humo ndimo unapokutana na doa jeupe lisilofutika kwa pamba, au kidonda cha ubavuni mwa ulimi ambacho mwenyewe anakiita "kijichubuko" na kina miezi. Nilipoanza kuandika pendekezo la utafiti wa shahada ya pili juu ya jeni zinazozuia uvimbe, msimamizi wangu aliliangalia, akaliweka mezani.

"Bibie, kabla hujaomba hata shilingi ya maabara, nenda kaangalie wenzako wameshaona nini."

"Sawa, Profesa. Nianzie wapi?"

Akaniandikia jina la tovuti pembeni mwa karatasi yangu mwenyewe.

Kwa ambaye si wa fani, maneno machache. Kila seli ina nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Jeni zinazozuia uvimbe ni zile ambazo kazi yake ni kusimamisha seli isigawanyike ovyo, au kuiamuru ife ikishaharibika. Zifikirie kama mlango wenye kufuli na komeo: mwizi akivunja kufuli, komeo bado linashika, haingii mpaka avunje vyote viwili. Wazo hilo la mapigo mawili alilitoa Alfred Knudson mwaka 1971, baada ya kuchambua watoto 48 wenye saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma. Jeni yenyewe, RB1, ikaja kunaswa katikati ya miaka ya 1980. Kwa hiyo ukitafuta jeni ya namna hii unatafuta kitu kilichopotea, na kutafuta kilichopotea ni kazi ngumu kuliko kutafuta kilichozidi. Shikeni hilo, kwa sababu nyota niliyoipunguza cBioPortal imetokea hapohapo.

Huduma yenyewe ilianzia Memorial Sloan Kettering, hospitali ya saratani ya New York, na makala ya kuitambulisha ilitoka mwaka 2012. Leo inaendelezwa na taasisi kadhaa kwa pamoja, programu yake iko wazi, na ndani yake mna mamia ya tafiti za saratani za kila aina. Kwa mtu wa kinywa, za kuangalia ni chache na zinajulikana. Kubwa ni ya TCGA, mradi wa Marekani wa kusoma jeni za uvimbe wa saratani nyingi: saratani za kichwa na shingo, wagonjwa zaidi ya 500. Kuna mbili za mwaka 2011 zilizotoka katika jarida la Science, moja ya chuo kikuu cha Johns Hopkins yenye uvimbe 32 na nyingine ya taasisi ya Broad yenye 74. Na kuna ndogo ya hospitali ya saratani ya MD Anderson, Houston, ya mwaka 2013, wagonjwa 40, ambayo naipenda kwa sababu ni ya kinywa kitupu.

Jeni ya kwanza niliyoiandika, kama kila mtu, ni TP53, jeni ya kuzuia uvimbe inayotengeneza protini ya p53. Inakuja picha wanayoiita OncoPrint: kila mgonjwa ni kijiti kimoja chembamba kilichosimama, kila jeni ni mstari mmoja. Mutesheni, yaani badiliko katika herufi za jeni, ikibadilisha asidi amino moja (tofali moja la protini) ni kijani, inayoikata protini katikati ni nyeusi, jeni iliyofutika kabisa ni buluu, iliyoongezeka nakala ni nyekundu. Mstari wa TP53 ulijaa kijani na nyeusi kutoka kushoto mpaka karibu na mwisho. Nilikuwa nimesoma kwamba katika uvimbe 279 wa makala ya TCGA ya mwaka 2015 jeni hii ilikuwa imebadilika katika asilimia 72, na ukiwatoa wenye kirusi cha HPV inafika 84. Kusoma asilimia ni jambo moja. Kuona mstari mzima umejaa, mgonjwa baada ya mgonjwa, ni jambo lingine.

Ukiongeza CDKN2A, mstari wake unageuka buluu sehemu kubwa. Hii ndiyo jeni ya kromosomu ya 9, mkono mfupi, eneo la 21 (kwa kifupi 9p21), inayotengeneza protini ya p16. Kazi ya p16 ni kuzizuia CDK4 na CDK6, protini zinazoisukuma seli igawanyike, zisiizime RB, protini ya ile jeni RB1. P16 ikiondoka, seli inapita tu. Na sehemu hiyohiyo ya DNA inatoa protini ya pili, p14ARF, inayomlinda p53 asiharibiwe na protini nyingine, MDM2. Mwizi mmoja, nyumba mbili. Ndiyo maana katika saratani ya kinywa eneo hili hufutwa kwa jumla: kipande kinaondoka chote.

Sasa niseme kilichonifanya niipende kweli. Kuna ukurasa wa mutesheni, ambapo protini imechorwa kama fito iliyolala na kila mutesheni ni kijiti chenye kichwa cha duara kilichochomekwa mahali pake. Andika PIK3CA, ambayo si jeni ya kuzuia bali ya kuchochea. Utaona vijiti virefu mahali palepale, asidi amino ya 542, 545 na 1047, kwingine pakavu. Kisha andika FAT1. Vijiti vifupi vifupi vimetawanyika fito nzima, na vingi ni vyeusi, yaani protini imekatwa. Hapo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaelewa bila kuhubiriwa: ili kuichochea seli lazima uguse swichi fulani mahususi, lakini kuiharibu protini inayozuia unaweza ukaipiga popote. Wataalamu wameligeuza hilo kuwa kanuni ya kuzigawa jeni za saratani. Mimi nimeliona kwa macho kitandani, saa nne usiku.

TP53 inachanganya kidogo hapa, maana ni jeni ya kuzuia lakini nayo ina vilele vyake, 175, 248, 273. Sababu ni kwamba p53 hufanya kazi wanne wanne walioshikana. Mmoja aliyepinda anaweza kuwaharibia wenzake watatu wazima. Tovuti haikuelezi hilo. Inakuonyesha tu, maelezo utayatafuta mwenyewe.

Jeni ya NOTCH1 ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya mwaka 2011 wengi walimfahamu kama mchochezi, kwa sababu katika saratani fulani ya damu ya seli T mutesheni zake humwasha. Kisha zikaja zile tafiti mbili za Science, na katika uvimbe wa kichwa na shingo mutesheni za NOTCH1 zikaonekana zina sura ya kuvunja, si ya kuwasha. Jeni ileile, kwenye damu mchochezi, kwenye kinywa mzuiaji. Inaaminika seli za utando wa kinywa zinamhitaji ili zikomae na kuacha kugawanyika. Kwenye cBioPortal unaweza kufungua utafiti wa leukemia ya seli T kwenye dirisha moja na wa kichwa na shingo kwenye la pili, ukalinganisha vijiti. Nilimwonyesha mwenzangu kazini, akasema, "Kumbe!" kisha akarudi kwenye mgonjwa wake. Kwa daktari wa meno wa zamu ya asubuhi hiyo ni sifa kubwa.

Sasa manung'uniko.

La kwanza ndilo zito. Ukiandika jina la jeni tupu, tovuti inakutafutia mutesheni, miunganiko ya jeni mbili, nakala zilizoongezeka sana na kufutika kabisa kwa nakala zote mbili. Nakala moja ikipotea, haikuonyeshi. Kwa jeni za kuzuia uvimbe wa kinywa, hicho kinachofichwa ndicho nusu ya kisa. Miaka ya 1990, kabla ya mashine za kusoma DNA nzima, watafiti walikuwa wanatafuta jeni hizi kwa alama za mikrosatelaiti, vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia: unalinganisha damu na uvimbe wa mtu yuleyule, unatazama nakala ipi imepotea. Kwa njia hiyo walijua mapema kwamba vipande vya 9p21, 3p na 17p (mikono mifupi ya kromosomu ya 3 na ya 17) hupotea, na kwamba 9p21 na 3p huweza kupotea hata katika madoa meupe ambayo hayajawa saratani. Mwaka 1996 kundi la Johns Hopkins lilipanga hatua hizo kwa mfuatano, toka utando wa kawaida mpaka saratani. Mgeni akiingia cBioPortal leo na kuandika FHIT, jeni ya 3p14, atauona mstari karibu mtupu na kuondoka akidhani 3p haina habari.

Dawa ipo, lakini lazima uijue. Unaandika FHIT: HETLOSS HOMDEL (HETLOSS ni nakala moja kupotea, HOMDEL ni zote mbili), na mstari ule uliokuwa mtupu unajaa. Lugha hiyo fupi ya kuulizia ina maelezo yake ndani ya tovuti na si ngumu. Jioni moja inatosha. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna kitu kwenye ukurasa wa mbele kinachomwambia mgeni kuwa anaona kelele kubwa tu. Na hata HETLOSS haikuletei yote. Kuna uvimbe ambao nakala moja imepotea kisha iliyobaki, mbovu, ikajinakili mara mbili. Hesabu ya nakala inasoma mbili, kila kitu kinaonekana salama, kumbe komeo na kufuli vyote ni vya mwizi.

Halafu methilesheni. Jeni inaweza kuwa nzima kabisa, herufi zote zipo, ila imezimwa kwa alama za kemikali mwanzoni mwake. CDKN2A huzimwa hivyo kwa baadhi ya wagonjwa. Data hiyo ya TCGA imo, ila iko ukurasa wa michoro, unachagua mhimili huu methilesheni, mhimili ule kiwango cha RNA (yaani jeni inafanya kazi kiasi gani), na unatazama kama nukta zinashuka. OncoPrint peke yake haikuambii. Kwa hiyo ukijumlisha kijani, nyeusi na buluu ukasema "CDKN2A imeharibika kwa asilimia kadhaa", umehesabu pungufu.

La pili ni mtego wa jina. "Kichwa na shingo" si kinywa. Katika ule uvimbe 279 wa mwaka 2015, wa kinywa ulikuwa 172. Unaobaki ni wa koo na zoloto. Hili lina maana kubwa kwa sababu saratani za tonsili na mzizi wa ulimi ndizo zenye HPV mara nyingi, na HPV ina njia yake: protini yake ya E6 inamwangamiza p53, E7 inamfunga RB. Kirusi kikishawaondoa walinzi hao, mutesheni ya TP53 haihitajiki. Ukiwachanganya wagonjwa wa aina hizo mbili, asilimia zako zote zinakuwa za mtu ambaye hayupo. Hapa lakini naipa tovuti haki yake: kabla ya kuuliza jeni, unaweza kufungua ukurasa wa utafiti, ukachagua sehemu uvimbe ulipoanzia, ulimi, sakafu ya kinywa, shavu, ufizi, na ukawatoa wenye HPV kwa mibofyo miwili mitatu. Nilipofanya hivyo ndipo lile kundi dogo lililotajwa kwenye makala ya TCGA likanitokea wazi: uvimbe wa kinywa wenye TP53 nzima, kromosomu tulivu, HRAS, jeni ya kuchochea, imewashwa na CASP8 imevunjika. CASP8 ni jeni ya kuiamuru seli ife. Sijui kwa nini kundi hilo halizungumzwi zaidi. Mimi nimeliwekea ukurasa mzima kwenye pendekezo langu.

Mtego mdogo wa tatu: utafiti wa TCGA umeorodheshwa zaidi ya mara moja, kwa matoleo tofauti ya uchambuzi. Ukitia tiki zote, unawahesabu watu walewale mara mbili. Tovuti inakuonya kwa ujumbe, basi usome ujumbe.

La nne si kosa la programu, lakini mtumiaji wa huku atalihisi. Wagonjwa wale si wetu. Wengi ni Wazungu wa Marekani, wengi wavutaji wa sigara na wanywaji. Mtu wa Malindi au Kikwajuni anayetafuna tambuu lenye popoo, chokaa na tumbaku tangu ujana yuko karibu zaidi na mgonjwa wa Mumbai kuliko wa Houston, na popoo lenyewe Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lililitangaza kuwa linasababisha saratani tangu mwaka 2004. Wahindi walifanya utafiti wao wa saratani ya ufizi na shavu, ukatoka mwaka 2013 katika Nature Communications. Walizikuta TP53, FAT1, CASP8, HRAS na NOTCH1 kama wenzao, lakini wakaongeza majina mapya, USP9X, ARID2 na mengine. Katika utafiti huo ndimo nilimopata hoja ya pendekezo langu: orodha ya jeni za kupima huku isinakiliwe tu kutoka New York. cBioPortal ilinionyesha orodha. Pengo lake ndilo lililonipa swali. Siwezi kuilaumu kwa data ambayo sisi wenyewe hatujaipeleka.

Na mutesheni za kurithi hutazikuta kwenye data ya wazi ya TCGA. Zimefungiwa kwa ajili ya faragha ya wagonjwa, na ni sawa. Anayefuatilia familia yenye Fanconi, ugonjwa wa kurithi ambao wenye nao saratani ya kinywa huwajia wakiwa bado vijana, atafute kwingine.

Upande wa mtandao na vifaa. Kwenye simu usijaribu. OncoPrint ya wagonjwa 500 kwenye kioo cha simu ni mchirizi wa rangi tu. Laptopu ya kawaida inatosha, hakuna programu ya kusakinisha, hesabu nzito zinafanywa huko kwao. Bando langu la usiku, la kampuni ambayo siitaji, lilikatika katikati ya kazi zaidi ya mara moja, lakini anwani ya ukurasa hubeba swali lako lote, kwa hiyo ukiihifadhi unarudi palepale. Picha unazipakua kwa ubora wa kuchapisha, na jedwali kama faili la maandishi linalofunguka kwenye Excel. Mikunjo ya kuishi, michoro ya wagonjwa wangapi bado wako hai kadiri muda unavyopita, nayo inachorwa papo hapo, na hapo naomba tahadhari: ni rahisi mno. Ukijaribu jeni ishirini moja baada ya nyingine, mojawapo itakupa tofauti ya kupendeza kwa bahati tu.

Nimewahi kuulizwa na mama mdogo, alipoona nimeganda mbele ya rangi zile: "Mwanangu, hiyo haiwezi kutuambia doa la mjomba wako ni kitu gani?"

"Hapana, mama. Hii ni ya watu waliokwisha kupimwa. Mjomba aje akatwe kinyama kiangaliwe kwa hadubini."

"Akatwe tena?"

"Kidogo tu, kwa ganzi."

Nalisema hapa kwa sababu nimeona watu wakituma kiungo cha tovuti hii kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba ni kipimo. Si kipimo. Haina nafasi ya kuweka doa la mtu wako, na jeni iliyovunjika kwa wengine haisemi lolote juu ya kinywa cha mjomba.

Ukilinganisha na nyingine: COSMIC ya taasisi ya Sanger, Uingereza, inakupa orodha iliyokwisha kukaguliwa ya jeni za saratani, ikisema ipi inazuia na ipi inachochea, jambo ambalo cBioPortal haikufanyii kwa uwazi huo; lakini COSMIC inataka ujiandikishe. UALCAN, ya chuo kikuu cha Alabama, Marekani, ni nyepesi kwa methilesheni na viwango vya RNA. Mimi naanza cBioPortal, nahakikisha kwa COSMIC, na UALCAN naifungua nikitaka mchoro wa haraka wa kumwonyesha mtu.

Nyota nne kati ya tano. Ningependa kuona onyo la nakala moja kwenye ukurasa wa mbele, na siku moja utafiti wenye wagonjwa wa tambuu kwenye ile orodha ndefu ya kushoto. Atakayeanza leo achague utafiti wa TCGA wa kichwa na shingo, abakishe wagonjwa wa kinywa, awatoe wenye HPV, kisha kwenye kisanduku aandike mistari hii mitano, kila mmoja peke yake (MUT ni mutesheni): TP53: MUT, CDKN2A: MUT HOMDEL HETLOSS, FAT1: MUT HOMDEL, NOTCH1: MUT, CASP8: MUT. Asibofye chochote kingine mpaka amesoma ukurasa wa mutesheni wa kila jeni.